Barafu ya wavuvi wa Amu: dizeli, stima ya laini au jua?

Kikundi cha wavuvi kikipata fedha za kununua mtambo wa barafu, mjadala wa kwanza huwa ni bei. Huyu kaleta karatasi ya bei kutoka Mombasa, yule ana shemeji yake Malindi anayeuza paneli, na mzee mmoja pembeni anasisitiza kwamba jenereta haijawahi kumwaibisha mtu. Bei ina nafasi yake. Lakini kuna hesabu inayoitangulia, nayo haijui udugu wala haipunguzwi kwa maneno matamu: joto kiasi gani litolewe kwenye maji ili yagande, na nguvu ya kulitoa itapatikana saa ngapi. Ulinganisho huu ni kwa vikundi vya Amu (ndiyo Lamu), Matondoni, Faza, Kizingitini na Kiunga, na pia kwa wanaopanga bajeti za kaunti na taifa, maana nao wamewahi kukwama pale pale.

Kwanza, tani ya barafu inadai nini

Chukua maji yenye joto la nyuzi 28. Kuyashusha hadi sifuri, kila kilo lazima iondolewe kilojuli 117. Ukifika sifuri hujamaliza, kwani kugandisha kwenyewe kunadai kilojuli 334 zaidi kwa kila kilo, na kipimajoto hakishuki hata kidogo. Kwa tani nzima hizo ni sawa na yuniti 125 za joto, na yuniti ninayosema ni ile ile ya tokeni, kilowati moja kwa saa moja.

Mtambo hauliangamizi joto hilo. Unalihamisha tu kutoka ndani kulipeleka nje, na kadiri tofauti ya baridi ya ndani na joto la nje inavyokuwa kubwa, ndivyo uhamishaji unavyokula nguvu. Katika hali yetu ya hewa, yuniti moja ya stima huhamisha yuniti mbili hivi za joto. Kwa hiyo tani ya barafu hula yuniti 60 hadi 80 za stima, nami nitatumia 70 kote humu. Muuzaji akikuapia kwamba mtambo wake unatoa tani kwa yuniti 10, kunywa chai yake, mshukuru, uondoke. Maumbile hayaruhusu, hata mtambo uwe umetoka Ujerumani.

Hapo hapo kuna jambo la bure ambalo wengi hulipuuza. Sehemu ya mtambo inayotema joto, ile yenye feni, ikiwekwa juu ya paa la bati linalopigwa na jua la mchana, mtambo ule ule utakula yuniti nyingi zaidi. Iwekwe kivulini, upande unaopata upepo wa bahari, na tangi la maji lipakwe rangi nyeupe.

Na maji? Visima vya Shela vinavyotegemewa na mji vina kikomo chao. Kusafisha maji ya bahari kwa mtambo mdogo hula yuniti nne hadi kumi kwa tani moja ya maji, kidogo sana ukilinganisha na zile 70. Anayesema barafu itamaliza maji ya mji ana hoja, lakini hoja hiyo ina dawa yake.

Dizeli

Lita moja ya dizeli ina yuniti 10 hivi za nishati. Jenereta ndogo hutoa tatu tu kama stima, na saba zilizobaki hutoka kwa moshi na kwa rejeta. Hata hivyo tatu hizo si haba. Hamali mwenye nguvu anayepakua mizigo gatini tangu asubuhi hadi jioni hutoa kazi isiyozidi sehemu sita za kumi za yuniti. Lita moja, ikipita katika jenereta mbovu hivyo, ni siku tano za hamali. Ukitaka kujua kwa nini uchumi wa dunia ulikimbia vile karne iliyopita, anzia hapo, kabla hujafungua kitabu chochote cha mabenki. Na ukitaka kujua kwa nini uliyumba mwaka 1973, pipa la mafuta lilipanda kutoka dola tatu hivi hadi karibu 12 kwa miezi michache. Kwenye vitabu vya hesabu mafuta ni gharama ndogo miongoni mwa gharama nyingi. Yakikosekana, zile gharama nyingine zote zinakaa kusubiri.

Sifa kubwa ya dizeli ni kwamba inangoja. Imo ndani ya pipa, na ukiitaka saa nane za usiku wa mvua, ipo. Kilo moja ya dizeli ina karibu yuniti 12, ilhali kilo moja ya betri nzuri ya lithiamu ina chini ya robo ya yuniti, na ya risasi, zile nyeusi nzito za lori, haifiki hata sehemu ya kumi. Kwa hiyo msitarajie leo wala kesho mashua inayokwenda mbali kuvua ibadilishe mashine yake ya petroli kwa betri. Wanaouza ndoto hiyo hawajawahi kubeba betri kuvuka fungu la mchanga maji yakiwa yamekupwa.

Ubaya wake ni njia. Kenya haijasafisha mafuta yake tangu mtambo wa Changamwe uliposimama mwaka 2013, kwa hiyo kila tone huja limekwisha kusafishwa ng'ambo, likapanda lori, kisha likapanda chombo. Tuseme unapeleka lita 200 kijiji cha mbali kwa boti yenye mashine ya nguvu farasi 15, saa tatu kwenda na saa tatu kurudi. Mashine hiyo ikikazwa hula lita tano au sita kwa saa. Lita 30 na zaidi zimeungua ili 200 zifike. Kwa maneno mengine, zaidi ya sehemu moja kwa saba imelipwa kama nauli ya nishati yenyewe, na nauli hiyo hukua kila unaposogea kaskazini. Nchi nzima huumia kwa namna hiyo hiyo kisima cha mafuta kinapokuwa kirefu zaidi au makaa yanapochimbwa mbali zaidi, kwa sababu kinachojenga uchumi ni kile kinachobaki baada ya nishati kujigharimia.

Sasa pesa. Yuniti 70 ni lita 23 na kidogo. Tuweke lita shilingi 170 (weka bei ya kwenu, huko visiwani huwa juu zaidi), na tani moja itakula karibu shilingi 4,000 za mafuta. Hizo ni shilingi nne kwa kilo ya barafu, kabla ya oili, filta na fundi. Tena jenereta kubwa kupita kazi yake hujaa masizi, kwa sababu ikiendeshwa chini ya theluthi ya uwezo wake dizeli haiungui sawasawa. Vikundi vingi hununua kubwa "ili tukue nayo", kisha huishia kuifungua injini kila mara.

Stima ya laini

Zamani Amu iliangazwa kwa jenereta za dizeli. Laini ya kilovolti 220 kutoka Rabai, kupitia Malindi na Garsen, ilibadilisha habari hiyo. Leo yuniti inayowaka Langoni huenda imetoka kwenye mvuke wa Olkaria, upepo wa Turkana, maji ya Ethiopia ambayo Kenya imekuwa ikiyanunua kama stima tangu 2022, au ule mtambo wa jua wa megawati 40 ulioko Weru, karibu na Malindi. Tukisema yuniti moja ni shilingi 28 pamoja na makato yote, tani ya barafu ni shilingi 1,960. Nusu ya dizeli. Kama ni shilingi peke yake, basi palipo na laini hakuna cha kujadili.

Lakini tuko mkiani. Laini ikiguswa popote kati ya Rabai na Mokowe, giza ni letu. Na ipo saa mbaya ya taifa zima: kati ya magharibi na saa tatu usiku, jua limeshatua, kila nyumba imewasha taa, na mahitaji yanafika kilele. Kwa barafu hili si msiba hata kidogo. Mtambo unaweza kuzimwa saa hizo zote bila samaki hata mmoja kujua, mradi ghala la barafu lina kuta nene za fomu ya kuzuia joto na mlango haufunguliwi ovyo. Wateja wa biashara wa baadhi ya ngazi wana bei nafuu ya usiku, kwa hiyo ulizeni mapema kama mita yenu inaruhusiwa. Hewa ya usiku nayo ni baridi zaidi, na mtambo hula kidogo.

Kagueni pia fezi, yaani idadi ya nyaya zenye moto zinazoingia kwenu. Mota kubwa hutaka fezi tatu, na inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya nguvu yake ya kawaida. Nyumba ya ghala inaweza kuwa hatua chache tu kutoka kwenye nguzo na bado ikahitaji transfoma mpya, na gharama hiyo haimo kwenye karatasi ya shemeji.

Faza na Kiunga, ambako stima ya shirika imekuwa ikitoka kwa jenereta za dizeli, kuna kitu cha ajabu cha kisera. Mteja wa huko hulipa bei ile ile ya mteja wa Nairobi kwa yuniti, ingawa kuizalisha kunagharimu zaidi maradufu. Tofauti husambazwa kwa wateja wote nchini. Mimi naona ni haki. Ila kikundi kisijidanganye kwamba stima ya hapo ni ya bei rahisi. Ni ghali, isipokuwa anayelipa ni mwingine, na siku sera ikibadilika hesabu ya barafu itabadilika nayo.

Jua

Hapa ndipo wauzaji hupotosha watu zaidi, na hapa pia ndipo pana faida kubwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Pwani yetu hupata kiasi cha saa tano za jua kamili kwa siku, ukijumlisha asubuhi dhaifu na adhuhuri kali. Ukitoa hasara za joto, vumbi, chumvi na nyaya, robo nzima imepotea. Kupata yuniti 70 kwa siku unahitaji paneli za kilowati 19 hivi, ambazo hufunika karibu mita 100 za mraba. Kwenye mji wenye vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu, mita 100 za paa tupu lisilo na kivuli si jambo dogo, na mji wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, kwa hiyo paa si lako peke yako kulifanyia upendavyo. Matondoni au Kizingitini nafasi ni rahisi zaidi.

Sasa kitendawili chenyewe. Mtambo unaoitwa wa tani moja kwa siku huhesabiwa ukifanya kazi saa 24, ukivuta kilowati tatu hivi muda wote. Jua hukupa saa tano. Una njia mbili. Ya kwanza ni betri za kuuvusha mtambo usiku, yuniti 55 hivi zinazotumika, yaani benki ya betri yenye uzito wa mamia ya kilo, ambayo itachoka baada ya miaka kadhaa. Ya pili ni kununua mtambo mkubwa mara tano hivi, unaogandisha tani nzima mchana na kulala usiku. Fedha zinakaa bure saa 19 kila siku, ndiyo, lakini chuma kilicholala hakizeeki kama betri.

Mimi ningechagua njia ya pili, kwa sababu barafu yenyewe ni akiba. Tani moja ya barafu ghalani ni yuniti 70 za stima ambazo tayari zimefanya kazi yake, na kuitunza kunahitaji kuta za fomu tu. Kuhifadhi umeme wa jua kwenye betri ili usiku utengeneze barafu utakayoihifadhi tena ni kulipa ghala mara mbili.

Halafu kuna majira, na hapa pwani imebarikiwa. Kaskazi, Desemba hadi Machi, anga ni jeupe, bahari ni shwari, vyombo vinatoka na samaki wanajaa. Hapo barafu inahitajika zaidi na jua lipo kwa wingi. Masika ikifika na kusi ikakaza, mawingu huongezeka, lakini vyombo vidogo navyo huvutwa pwani. Ni kazi chache zenye bahati hiyo ya njaa na chakula kuja pamoja. Taa za barabarani, kwa mfano, hazina.

Bei ya paneli hubadilika kila mara, kwa hiyo sitawapa tarakimu itakayooza. Fanyeni hivi: mkitengeneza tani moja kwa siku 300 za mwaka, stima ya laini itawagharimu karibu shilingi 590,000, na dizeli karibu milioni 1.2. Chukueni bei aliyowapa fundi, pamoja na ile ziada ya mtambo mkubwa, mgawanye kwa tarakimu inayowahusu. Jibu ni miaka ya kurudisha fedha. Ikipita minane, rudini kwa fundi mwingine.

Upepo

Upesi tu. Nguvu ya upepo hufuata mchemraba wa kasi yake: kasi ikipungua nusu, nguvu inabaki moja kwa nane. Kusi hupuliza vizuri, lakini matlai, majira ya kati ya kusi na kaskazi, upepo ukilegea rafadha ndogo ya kuzalisha stima inakuwa pambo, na chumvi huila. Mpaka leo matumizi bora ya upepo wa Amu ni tanga.

| | Gharama ya nishati kwa tani | Saa zake | Udhaifu |
|---|---|---|---|
| Dizeli | karibu sh. 4,000 | wakati wowote | njia ndefu, bei ya dunia |
| Laini | karibu sh. 1,960 | siku nzima, epuka jioni | mkia wa laini |
| Jua | hulipwa mwanzoni | mchana | mtambo mkubwa mara tano hivi, nafasi |

Serikali nayo ilichagua

Mwaka 2013 serikali ilitangaza mpango wa kuongeza zaidi ya megawati 5,000 ndani ya miezi 40. Ndani ya mpango huo kulikuwa na mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huku kwetu, Kwasasi. Kilele cha mahitaji ya nchi nzima miaka hiyo hakikufika megawati 2,000. Mtambo mmoja ungekuwa zaidi ya nusu ya kilele chote, na mkataba wa aina hiyo hulipwa kwa mtambo kuwepo tu, uwake usiwake. Kimaumbile, mtambo wa makaa hugeuza chini ya nusu ya joto lake kuwa stima. Joto linalobaki, kubwa kuliko stima yenyewe, huenda kwenye bomba la moshi na kwenye maji ya kupoza. Maji hayo ni bahari tunayovua.

Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mradi huo Juni 2019, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikashikilia uamuzi huo. Wapo waliosema tumekataa maendeleo. Mkenya mmoja hutumia takriban yuniti 200 za stima kwa mwaka, ilhali wastani wa dunia unapita 3,000, kwa hiyo kiu ya nishati ni ya kweli na anayeidharau hajui umaskini. Lakini tazama kilichotokea kando ya Ziwa Turkana: mitambo ya upepo ya megawati 310 ilikuwa tayari mwaka 2017 na ikakaa bure hadi 2018, kwa sababu laini ya kuitoa stima haikuwa imekwisha. Megawati zilikuwepo. Njia haikuwepo. Kwa Amu, shilingi zilizokuwa ziende kwenye makaa zingefaa zaidi kwenye laini ya pili, ili mkia usiwe mmoja.

Kama ningekuwa kwenye kikao chenu

Mjini Amu, Mokowe na Mpeketoni: laini, pamoja na paneli chache za kilowati nne au tano za kupunguza bili ya mchana, na mtambo uzimwe jioni. Msinunue betri.

Visiwani ambako laini ya taifa haijafika: jua, mtambo mkubwa unaolala usiku, ghala nene, na jenereta ndogo ya dharura ambayo ufunguo wake unakaa kwa mweka hazina, si kwa nahodha. Dizeli peke yake ningeikubali tu kwa ghala la muda, la msimu mmoja.

Yupo atakayeumia, na kikao kisijifanye hakimwoni. Samaki wa jioni aliyekuwa akishushwa bei kwa hofu ya kuoza hatashuka tena, na mama karanga, yule anayekaanga samaki na kuwauza, aliyekuwa akimnunua kwa bei hiyo atakuwa wa kwanza kukosa. Mtengeeni fungu kabla mnunuzi wa Mombasa hajafika na lori lake.

Ukubwa wa mtambo ndio swali la mwisho. Mwaka 1865 mwanauchumi Mwingereza William Stanley Jevons aliona kwamba injini za mvuke zilipopunguza ulaji wao, Uingereza ilichoma makaa mengi zaidi, si machache. Barafu ikishuka bei, vyombo vitaongezeka vivyo hivyo, na kikomo kitahama kutoka kwenye stima kwenda kwenye mwamba wa matumbawe na kamba waliomo. Makaa ya Kwasasi yalipimwa kwa matumaini. Ghala lenu lipimwe kwa mizani: katika joto la pwani, kilo moja ya samaki hutaka kilo moja ya barafu hivi. Pimeni samaki wanaoshuka gatini kaskazi nzima na kusi nzima, siku kwa siku, katika daftari moja, na mtambo uagizwe kutoka kwenye daftari hilo.